Kifundo kimeteguka na safari ya baiskeli ya Arabuko-Sokoke ni Jumamosi: niende au nibaki?

Mkaazi wa Tudor (Alhamisi)

Assalaam aleikum na habari zenu nyote. Ninaomba ushauri wa watu waliowahi kuendesha baiskeli ndani ya msitu, na pia wa yeyote mwenye elimu ya viungo, kwa kuwa nimebakiwa na siku mbili tu za kuamua.

Jumapili iliyopita nilishuka matatu pale Makupa kabla haijasimama vizuri. Mguu wa kushoto ulitangulia chini, ukakanyaga ukingo wa mtaro, na kifundo kikapinduka kwa ndani. Sikuanguka, ila kabla ya kufika nyumbani uvimbe ulikuwa umeinuka upande wa nje, chini kidogo ya ile nundu ya mfupa, ukawa kama nusu ya ndimu. Leo uvimbe umepungua, weusi umeteremka hadi kisiginoni, na natembea bila kuchechemea isipokuwa ninaposhuka ngazi. Nyumbani kwetu jambo hili limezua mabishano: mama mkwe anataka kunikanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, mume wangu anashikilia barafu, nami nimekubali yote mawili kwa zamu ili kuepusha maneno.

Safari yenyewe tumeipanga tangu mwezi wa tano, mimi na kaka yangu na binamu yetu. Tunakusudia kuzipakia baiskeli juu ya matatu alfajiri hadi Gede, tuingie msituni asubuhi, tuvuke hadi kule Nyari upande wa magharibi ambako watu husema unaona vilele vya miti vimetandaa hadi baharini, kisha turudi kabla ya magharibi. Baiskeli yangu ni ya milimani, tairi zake ni nene za inchi mbili, na pedali zake ni za kunasa kiatu. Kila siku naendesha kutoka Tudor hadi kazini Nyali, kwa hiyo pumzi si tatizo. Jana nilizunguka mtaani dakika ishirini na sikuumwa hata kidogo, na hilo ndilo linalonitia tamaa.

Swali langu ni hili: ikiwa kunyonga pedali hakuniumizi, kuna sababu gani ya kuogopa siku nzima ya msituni?

Baiskeli Kuukuu

Waaleikum salaam, dada. Nenda. Kunyonga si kukimbia. Uzito wa mwili unabebwa na kiti, si na mguu. Mwaka juzi nilitoka Mombasa hadi Kilifi na goti lililofungwa bendeji, kilomita sitini na kitu, na pepo za kusi zikanisukuma mgongoni njia nzima kama mtu anayetaka niondoke mjini. Goti lilipona likiwa juu ya baiskeli. Ukikaa nyumbani utakandwa mpaka uchoke.

Mchua Viungo

Dada, mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo na wagonjwa wa vifundo ndio mkate wangu wa kila siku. Nitakujibu kwa urefu, ingawa ushauri wa maandishi hauwezi kuchukua nafasi ya mtu kukushika mguu kwa mikono yake.

La kwanza ni kuhakikisha kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa ile nundu ya nje, kuanzia ncha yake kwenda juu kiasi cha sentimita sita, kisha nundu ya ndani vivyo hivyo. Halafu bonyeza mfupa unaojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na ule wa upande wa ndani ulio mbele kidogo ya kifundo. Ikiwa mojawapo ya sehemu hizo inauma kwenye mfupa wenyewe, au ikiwa siku ile ya kwanza ulishindwa kupiga hata hatua nne, usizungumze na sisi kuhusu msitu. Nenda ukapigwe eksirei. Kwa maelezo yako uliweza kutembea na uvimbe uko chini ya nundu, jambo ambalo mara nyingi huonyesha kwamba kano za upande wa nje zimevutika tu.

Ndugu yangu Baiskeli Kuukuu amesema kweli, lakini amesema nusu. Unaponyonga, kifundo huenda mbele na nyuma kama bawaba ya mlango, na kano uliyoiumiza haivutwi sana na mwendo huo. Ndiyo sababu jana hukuumwa. Kano hiyo huvutwa wayo unapopinduka kwa ndani, yaani pale unapokanyaga mahali pasipo sawa. Sasa jiulize ni mara ngapi katika siku moja ya msituni utakanyaga chini: kupanda, kushuka, kusimama ghafla, kuruka gogo, kusukuma baiskeli pale gurudumu linapozama. Jaribio lako la dakika ishirini juu ya lami limekujibu swali ambalo hukuhitaji kuuliza.

Pia ondoa zile pedali. Ili kujinasua unalazimika kuzungusha kisigino kwenda nje kwa nguvu na kwa haraka, mara nyingi baiskeli ikiwa tayari inaanguka, na hakuna zoezi baya kuliko hilo kwa kifundo cha siku sita. Weka pedali bapa za kawaida, vaa kiatu chenye soli ngumu, na ukanyage kwa katikati ya wayo badala ya vidole, kwa sababu kadiri unavyokanyagia mbele ndivyo kifundo kinavyofanya kazi zaidi. Shusha kiti kwa sentimita moja au mbili ili ukisimama ufikie ardhi bila kujinyoosha. Tena mguu wako mbovu ni wa kushoto, nasi Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo umezoea kuegemea kingo kwa mguu huo huo, na yamkini ndio unaosimamia unapopanda. Anza leo kupanda kutoka upande wa kulia na kusimama kwa mguu wa kulia. Utajiona mshamba kwa siku moja.

Kuhusu mabishano ya nyumbani: siku mbili tatu za mwanzo, joto na kukandwa huongeza uvimbe, kwa hiyo katika hizo mume wako alikuwa na haki. Simwambii mama mkwe wako neno hilo, mwambie wewe.

Jambo la mwisho. Usimeze dawa ya maumivu ili upate kwenda. Maumivu ndiyo breki yako. Na zile za aina ya ibuprofeni, zikichanganyika na jasho jingi na maji machache, huzitesa figo.

Jirani wa Gede

Nakaa karibu na msitu huu na nimeingia humo kwa baiskeli mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, mara nyingine kwa raha na mara nyingine nikiilaani njia yenyewe. Ningependa kumwongezea dada habari za ardhi, maana watu wa mjini hupiga picha ya msitu kichwani na kuona miti, kumbe mwendesha baiskeli anapaswa kuona mchanga.

Arabuko-Sokoke ni kama kilomita za mraba 420, nao si msitu wa namna moja. Upande wa mashariki, ulio karibu na barabara kuu ya Malindi, ni mchanganyiko wa miti mingi yenye kivuli kizuri, na ardhi yake inapitika. Ukiingia katikati unakutana na mirihi, miti iliyoachana kiasi, jua linapenya hadi chini, na ardhi ni mchanga mweupe mlaini kama wa pwani. Hapo ndipo mashujaa wote hushuka kwenye baiskeli. Ukivuka mirihi unafika kwenye udongo mwekundu wa magharibi, penye vichaka vya kusongamana, na huko ndiko anakoishi yule bundi mdogo wa Sokoke, ambaye hazidi sana shibiri moja kwa urefu na ambaye watu hutoka nchi za mbali kuja kumtazama. Nyari iko upande huo. Kwa maneno mengine, hakuna njia ya kutoka Gede kwenda Nyari isiyopita katika mchanga mweupe, na katika kiangazi mchanga huo unaweza kukufanya usukume baiskeli kwa muda mrefu kuliko unavyoipanda. Mvua ikinyesha siku mbili kabla, mchanga hushikamana na unapita kama unapita ukumbini, lakini wiki hii hatujaona mvua ya maana.

Kwa hiyo swali ningelibadilisha. Usiulize kama unaweza kuendesha. Uliza kama unaweza kutembea saa mbili kwenye mchanga ukiwa umeshika usukani, kwa sababu baiskeli ikiharibika au mguu ukigoma ndani kule, hiyo ndiyo njia yako ya kutokea. Hakuna boda boda, na simu yangu hupoteza mtandao mara kwa mara. Ninyi mna bahati ya kukaa Mombasa: nenda ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ule mnaouita Pirates, utafute mchanga mkavu ulio juu ya alama ya maji kujaa, usukume baiskeli yako dakika ishirini ikiwa na maji na mizigo yote ya siku ya safari. Ukitoka hapo bila kuchechemea, karibu Gede. Ukichechemea, bado una ufuo na madafu.

Mengine ni ya kawaida. Punguzeni upepo wa tairi mtakapoingia, na mkumbuke pampu ya kurudishia mtakaporudi kwenye lami. Chukueni lita tatu za maji kwa kila mtu kwa uchache. Lipeni kiingilio, na mumchukue askari au mwongozaji wa pale langoni, kwa kuwa tembo wamo, na baiskeli ina aibu moja kubwa: haina sauti. Gari humpa tembo habari mapema, lakini baiskeli humtokea kwenye kona kama mgeni asiyebisha hodi, na mtu mwenye kifundo kibovu hana mbio za kujiombea radhi.

Mwana wa Likoni

Kwa nini msisumbuke kidogo tu? Vukeni kivuko mwende Shimba Hills, ni karibu zaidi, au zile kaya za Wamijikenda kama Kaya Kinondo pale Diani. Msitu ni msitu.

Jirani wa Gede

Ndugu yangu, Shimba Hills ni hifadhi ya wanyama tangu 1968, ina tembo na palahala, na njia zake ni za magari. Tena ni vilima, na mguu mbovu haupendi kusukuma baiskeli kilimani. Kaya nazo ni mahali patakatifu pa wazee, na baadhi yake ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Kaya Kinondo huingiwa kwa miguu, pamoja na mwenyeji, umejifunga kaniki. Baiskeli huachwa nje.

Mkaazi wa Tudor (Ijumaa)

Nawashukuru sana. Mifupa yote niliibonyeza kama alivyoeleza Mchua Viungo na hakuna uliolia. Pedali nimebadilishiwa na fundi wa Kongowea, aliyenitazama kwa huruma kana kwamba nimeuza dhahabu na kununua bati. Jioni nimekwenda Pirates na kaka yangu. Dakika kumi za kwanza zilikuwa sawa. Kuanzia ya kumi na tano nilihisi kitu kama uzi unaovutwa upande wa nje, si maumivu makali, ila kila gurudumu la mbele lilipozama nami nikajizuia, uzi ule ulikaza. Nilimaliza ishirini. Sikuchechemea, lakini siwezi kuapa kwamba nilitembea kama kawaida.

Nina haya kuwaambia wenzangu waahirishe, maana binamu yetu anarudi Nairobi Jumatatu. Je, hayo ni matokeo ya kwenda au ya kubaki?

Mchua Viungo

Ni matokeo ya kwenda nusu. Dakika kumi na tano ndiyo mali uliyo nayo, itumie, usikope. Funga bendeji ya kuvutika, ianze kwenye vidole na kupanda, isibane hadi vidole vife ganzi. Nyari iacheni hadi mwezi ujao.

Jirani wa Gede

Ninakubaliana naye kikamilifu. Bakini upande wa mashariki, ambako njia nyingi hurudi kwenye lami. Zungukeni humo asubuhi, mkafike tu pale mirihi inapoanza ili binamu aione, kisha mgeuze. Na mkubaliane kabla ya kuingia, mkiwa bado langoni, kwamba neno la kurudi ni la mwenye mguu na halijadiliwi. Mkiliacha hadi ndani ya msitu litakuwa mjadala, na mjadala wa jamaa wa damu msituni haumaliziki.

Mkaazi wa Tudor (Jumapili)

Nimeahidi kurudi na habari, nami nitazitoa zote, hata zile zinazoniaibisha.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, baiskeli tatu zimefungwa juu ya matatu kwa kamba za mkonge, na saa mbili tulikuwa langoni na mwongozaji wetu, kijana mwenye baiskeli nyeusi ya kizamani isiyo na gia hata moja, ambaye kwa siku nzima hatukumwona akihema. Pale pale langoni nilisema neno langu kuhusu kurudi, na kaka yangu akalikubali kwa urahisi ulionitia shaka.

Saa ya kwanza sitaisahau. Ardhi ilikuwa imara, majani makavu yalivunjika chini ya tairi, na hewa ya ndani ilikuwa baridi kuliko ya barabarani kwa namna unayoihisi kwenye mikono. Mguu haukusema lolote. Mwongozaji alitusimamisha mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili ya kinyesi cha tembo, akakigusa kwa kijiti na kutuambia ni cha jana, na mara ya pili kwa ajili ya njule, yule mnyama mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu, aliyekuwa akipekua majani hatua kumi kutoka kwetu. Nilimwona kwa sekunde tatu hivi. Aliporuka, ile dhahabu ilipita kama cheche.

Kisha mirihi ikaanza na mchanga mweupe pamoja nayo. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kusimama kwa mguu wa kulia siku mbili nzima, hata jikoni nilikuwa nageuka kwa mguu wa kulia. Gurudumu la mbele lilipozama mara ya kwanza, usukani ukapinda, na mguu uliotoka kwenda chini ulikuwa wa kushoto. Haukuniuliza. Nilitua kwa wayo wote, juu ya mchanga uliolegea, na kifundo kikayumba kidogo kwa ndani kabla bendeji haijakizuia. Nilikaa chini ya mti. Maumivu yalikuwa yale ya uzi, ila sasa uzi ulikuwa kamba.

Hapo ndipo lile neno la langoni lilipofanya kazi. Kaka yangu alifungua kinywa, binamu akamtazama, akakifunga. Tuligeuka saa nne na nusu. Mwongozaji alinisukumia baiskeli hadi ardhi ilipokuwa ngumu tena, nikapanda, na cha ajabu ni kwamba nilipoanza kunyonga maumivu yalipungua karibu yaishe. Kweli ile bawaba ya mlango inafanya kazi hata pale mlango wenyewe umepinda. Adhuhuri tulikuwa nje. Alasiri wao wawili walikwenda kutembea katika magofu ya Gede, mimi nikakaa kivulini nikiwa nimeinua mguu juu ya begi, nikawasikia wakiitana baina ya kuta za matumbawe.

Leo uvimbe umerudi, si kama wa Jumapili ile, tuseme robo ya ndimu. Natembea. Sijutii asubuhi ile, ila najua kwamba tungeshikilia Nyari ningetolewa mgongoni mwa mtu. Naomba kuuliza mawili: nipumzike kwa muda gani, na huu mchanga uliojaa kwenye mnyororo nautoaje?

Baiskeli Kuukuu

Mnyororo nitaujibu mimi, kwa kuwa la kwanza nililikosea. Usimwagie oili juu ya mchanga, utatengeneza msasa utakaokula meno yote. Ufute kwanza kwa kitambaa kikavu ukiuzungusha kinyume, halafu mswaki wa zamani, halafu kitambaa tena mpaka kitoke safi. Oili ni ya mwisho, matone machache, na ufute yatakayobaki nje.

Mchua Viungo

Siku tatu bila baiskeli, mguu juu kila unapokaa. Baada ya hapo, kila unapopiga mswaki usimame kwa mguu wa kushoto peke yake, asubuhi na usiku, kwanza umeshika beseni, kisha bila kushika, kisha umefumba macho. Ule mguu uliotoka bila kukuuliza ndio tunaoufundisha. Endelea hivyo wiki sita, hata ukijiona umepona wiki ya pili.

Na uvimbe ukishaisha kabisa, mwambie mama mkwe alete maji yake ya moto. Sasa ni zamu yake.